Agano la Wayahudi: kikundi chenu cha Biblia kishike msimamo upi?

Si ajabu jijini Mwanza kuona stika ya bendera ya Israeli kwenye kioo cha daladala, au bendera yenyewe ikipungwa kwenye mkutano wa injili pale viwanja vya Furahisha. Wengi wanaoipunga hawajawahi kukaa meza moja na Myahudi, na hilo si kosa lao. Lakini wafungulie Waraka kwa Warumi, sura ya 9 hadi ya 11, katika kikundi chenye mchanganyiko wa madhehebu, uone. Mmoja atasema Kanisa ndilo Israeli sasa. Wa pili atasema Israeli ni Israeli na Kanisa ni Kanisa, wasichanganywe. Wa tatu, mara nyingi Mkatoliki aliyesomasoma, atasema Roma inafundisha kwamba agano la Wayahudi halijabatilishwa, na hapo ndipo kelele zinapoanza.

Mkatoliki huyo hubanwa kutoka pande mbili zisizopatana. Mlokole humwambia kuwa Roma imeipora Israeli ahadi zake ikajitwalia yenyewe. Mkatoliki mwenzake anayependa Misa ya Kilatini ya zamani humwambia kuwa tangu mtaguso wa 1965 (mkutano mkuu wa maaskofu) Roma imewaruhusu Wayahudi waende mbinguni bila kupitia kwa Kristo. Kanisa moja haliwezi kuwa limewanyang'anya Wayahudi kila kitu na papo hapo limewapa kila kitu. Kwa maoni yangu halikufanya hata moja kati ya hayo mawili.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya vikundi vya namna hiyo: vya ofisini saa ya chakula cha mchana, vya wanafunzi wa vyuo vya Malimbe na Bugando, na nyumba za ndoa mseto ambako mgeni mmoja hubisha hodi na "Tumsifu Yesu Kristo" na anayefuata huja na "Bwana Yesu asifiwe". Nia ni kuwasaidia mpate msimamo wa kuanzia masomo yenu. Hakuna anayeombwa kuhama kanisa.

Maswali matatu, si moja

Ugomvi mwingi unatokana na kuyafunga maswali matatu pamoja.

La kwanza: je, Mungu bado amefungamana na uzao wa Abrahamu kwa jinsi ya mwili, au ahadi ile imemaliza kazi yake? La pili: kama agano lipo, je, linamwokoa Myahudi bila Kristo? La tatu: je, taifa la Israeli la leo, lenye bunge na jeshi, lililotangazwa mwaka 1948, ni sehemu ya agano hilo?

Mtu anaweza kujibu ndiyo kwa la kwanza, hapana kwa la pili, na kwa la tatu akasema hilo liamuliwe kwa sheria za kimataifa. Kwa kifupi hayo ndiyo majibu ya Roma. Mwingine atajibu ndiyo, hapana, ndiyo. Mwingine hapana kote. Kabla hamjaanza kubishana, kila mmoja aseme anajibu swali la ngapi. Mtashangaa ni mara ngapi wawili wanaogombana wanakubaliana katika swali moja na kutofautiana katika jingine ambalo hata halijatajwa.

"Kanisa ndilo Israeli mpya"

Huu ndio msimamo mkongwe. Katika karne ya 2, Mtakatifu Yustino, akijibizana na Myahudi aitwaye Trifo, aliwaita Wakristo Israeli wa kweli, wa kiroho. Na anayeushika leo hajabuni kitu, kwa kuwa maandiko anayo: Waebrania 8:13, kwamba agano la kwanza limefanywa kuwa kuukuu na li karibu na kutoweka, Mathayo 21:43, kwamba ufalme utaondolewa kwao wapewe wengine, Wagalatia 3:29, kwamba walio wa Kristo ndio uzao wa Abrahamu. Mkatoliki anayeushika ana na nyaraka za kanisa lake mwenyewe. Mtaguso wa Firenze, mwaka 1442, ulitamka kwamba taratibu za sheria ya Musa zimekoma. Papa Pio XII naye, mwaka 1943, aliandika kwamba kwa kifo cha Mkombozi Agano Jipya lilichukua nafasi ya Sheria ya Kale iliyobatilishwa.

Huku kwetu kando ya ziwa msimamo huu una wafuasi ambao watu huwaelewa vibaya: Wasabato. Kwa kuwa wanashika siku ya saba, na kwa kuwa wanakula sato na sangara lakini kambare hawamgusi kwa sababu hana magamba (someni Walawi 11), majirani zao hudhani ndio Wakristo walio karibu zaidi na Uyahudi. Kimafundisho mambo yamegeuka. Waadventista hufundisha kwamba nafasi ya pekee ya Israeli kama taifa ilikoma mwaka 34 BK, mwisho wa majuma sabini ya unabii wa Danieli 9, na kwamba watu wa agano sasa ni Kanisa. Sabato wanaishika kama amri ya tangu uumbaji, iliyo ya wanadamu wote. Kwa hiyo katika swali la kwanza Msabato wa Kirumba na Mkatoliki wa Misa ya Kilatini wako benchi moja, na sidhani kama yeyote kati yao angefurahi kuambiwa hivyo.

Yuko pia mtu wa ukanda wetu aliyesoma maandiko hayohayo akaelekea upande mwingine kabisa. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyebatizwa katika misheni ya Kianglikana, alifikia uamuzi kwamba kama tohara ni agano la milele, basi haina sababu ya kuachwa. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe. Jumuiya aliyoianzisha karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, inaitwa Abayudaya na ipo mpaka leo. Ninamtaja kwa sababu vikundi vyetu huzungumza habari za Wayahudi kana kwamba wote wako Yerusalemu na New York.

Sasa udhaifu wa msimamo huu. Paulo anauliza wazi katika Warumi 11 kama Mungu amewasukumia mbali watu wake, na anajibu: hasha. Wapo wanaosema kwamba "Israeli wote" wa aya ya 26 ni Kanisa. Haya, endeleeni hadi aya ya 28. Anaowazungumzia pale ni adui kwa habari ya Injili, na papo hapo ni wapenzi kwa ajili ya mababa. Kanisa haliwezi kuwa adui wa Injili yake lenyewe. Wanaotajwa ni Wayahudi wasiomkubali Yesu, na ni kwa habari yao ndipo Paulo anaandika kwamba "karama za Mungu hazina majuto, wala mwito wake". Sijasikia bado maelezo ya aya hizi mbili kutoka upande wa "Israeli mpya" yaliyoniridhisha.

Kuna na historia. Mtakatifu Agostino, ambaye chuo kikuu cha Malimbe kimepewa jina lake, alifundisha kwamba Wayahudi wasiuawe, akitumia Zaburi 59, kwa sababu vitabu vyao vinashuhudia ukweli wa Injili. Ulinzi wa namna hiyo ni wa shingo upande, maana unamwacha mtu aishi ili awe ushahidi wa kosa lake. Martin Luther, mwaka 1543, alikwenda mbali zaidi akashauri masinagogi yachomwe moto. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakataa maneno hayo hadharani mwaka 1994. Wasabato na Wakatoliki ninaowafahamu wenye msimamo huu hawana chuki na mtu. Lakini kikundi kinachouchagua kijue kinabeba na mzigo huo, kiuseme kabla hakijaulizwa.

Roma baada ya Mtaguso

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye maneno mengi ya kusikiasikia.

Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha tamko liitwalo Nostra Aetate, kwa kura 2,221 dhidi ya 88. Miongoni mwa mababa wa mtaguso huo alikuwamo Kardinali Laurean Rugambwa, wakati huo askofu wa Bukoba, ng'ambo ya ziwa letu. Tamko lilisema mambo mawili makubwa kuhusu Wayahudi: kwamba kifo cha Kristo hakiwezi kulaumiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo, na kwamba Wayahudi bado ni wapenzi wa Mungu kwa ajili ya mababa. Aya yenyewe ni ileile ya Warumi 11:28. Papo hapo tamko liliita Kanisa taifa jipya la Mungu. Maneno "agano halijabatilishwa" hayamo, ingawa wengi huapa wameyasoma humo.

Maneno hayo yalitoka kwa Papa Yohane Paulo II, akiwa Mainz, Ujerumani, tarehe 17 Novemba 1980, alipozungumza na Wayahudi kama watu wa Mungu wa Agano la Kale ambalo Mungu hajalibatilisha kamwe. Kutoka hapo yakaenea. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 121, inasema Agano la Kale halijabatilishwa, ingawa pale inazungumzia zaidi thamani ya vitabu vya Agano la Kale. Papa Fransisko aliyarudia mwaka 2013, safari hii kuhusu watu wenyewe.

Je, hiyo ina maana Myahudi ana njia yake na Mkristo ana yake? Hapana, na Roma imelisema hilo kwa maandishi. Tarehe 10 Desemba 2015 Tume ya Vatikano ya mahusiano na Wayahudi ilitoa waraka ambao jina lake limechukuliwa katika Warumi 11:29. Unakataa wazi kuwapo kwa njia mbili za wokovu. Unasema Wayahudi wanashiriki wokovu wa Mungu, ila namna jambo hilo linavyowezekana bila wao kumkiri Kristo waziwazi ni fumbo la Mungu lisilochunguzika. Unasema pia kwamba Kanisa Katoliki halina wala haliungi mkono taasisi maalumu ya kuwaongoa Wayahudi, lakini Mkristo mmoja mmoja anaitwa kumshuhudia Kristo hata kwao, kwa unyenyekevu. Kuhusu Waebrania 8, waraka unasema barua ile iliandikwa kuwatia moyo Wakristo wenye asili ya Kiyahudi waliochoka, na kwamba haikulenga Wayahudi walio nje ya Kanisa. Jambo moja Wakatoliki wenzangu husahau kulitaja: waraka huo wenyewe unakiri kwamba si tamko rasmi la mamlaka ya ualimu ya Kanisa. Msiupige mezani kama rungu.

Anayetaka kuona mvutano wa ndani asiende mbali, atazame sala ya Ijumaa Kuu. Katika maombi yale marefu lipo ombi kwa ajili ya Wayahudi. Zamani, kwa Kilatini, liliwataja kwa neno la kuwalaumu kwa kukosa imani, na Papa Yohane XXIII aliliondoa mwaka 1959. Kitabu cha Misa cha 1970 kinawaombea Wayahudi, ambao Bwana alisema nao kwanza, waendelee kukua katika kulipenda jina lake na katika uaminifu kwa agano lake. Hiyo ndiyo sala inayosaliwa katika parokia zetu kwa Kiswahili. Halafu mwaka 2008 Papa Benedikto XVI akaandika sala nyingine kwa wanaotumia kitabu cha zamani cha Kilatini: Mungu aiangaze mioyo yao wamtambue Yesu Kristo, Mwokozi wa watu wote. Kanisa moja, Ijumaa moja, sala mbili. Anayesema zinapingana ana hoja. Mimi huona kwamba ya kwanza inajibu swali la kwanza na ya pili inajibu la pili, na kwamba ingekuwa afya zaidi kama kila moja ingekuwa na maneno machache ya mwenzake.

Marekani ndiko Wakatoliki walikogombana zaidi. Mwaka 2002 waraka wa mashauriano kati ya kamati ya maaskofu na viongozi wa Kiyahudi ulidai kwamba kampeni za kuwaongoa Wayahudi hazikubaliki tena kiteolojia. Kardinali Avery Dulles aliupinga hadharani mwaka huohuo. Kisha katekisimu ya watu wazima ya nchi hiyo ilikuwa na sentensi kwamba agano la Musa lina nguvu ya milele kwa Wayahudi. Mwaka 2008 maaskofu walipiga kura 231 dhidi ya 14 kuiondoa, kwa hofu kuwa msomaji angeelewa kwamba Myahudi hamhitaji Kristo. Badala yake yaliwekwa maneno ya Paulo kutoka Warumi 9. Mwaka 2018 Benedikto, akiwa amekwisha kustaafu, aliandika kwamba usemi wa agano lisilobatilishwa una haki yake ila unahitaji kufafanuliwa zaidi, na marabi kadhaa hawakufurahi.

Kwa swali la tatu Roma haina kigugumizi. Mwongozo wa Vatikano wa mwaka 1985 unasema kuwapo kwa taifa la Israeli na maamuzi yake ya kisiasa yatazamwe kwa misingi ya sheria za kimataifa, si kwa jicho la kidini. Ndiyo maana Vatikano ilitia saini mkataba na Israeli tarehe 30 Desemba 1993, na mwaka 2015 ikatia saini mwingine na Palestina, bila kuona kwamba inajipinga. Sisi tuna mfano wa nyumbani. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa Butiama, ndiye aliyekuwa rais Tanzania ilipovunja uhusiano wa kibalozi na Israeli mwaka 1973. Sijui Mkatoliki makini ambaye angesema Mwalimu alikana agano la Abrahamu kwa kufanya hivyo.

Kinachokera katika msimamo huu ni lile neno fumbo. Mtu anauliza "kwa hiyo wanaokokaje?" na anajibiwa kwamba Mungu anajua. Kwa wengine huko ni kukwepa. Kwangu mimi Paulo mwenyewe anamalizia sura ya 11 kwa namna hiyohiyo, akisema hukumu za Mungu hazichunguziki, kwa hiyo siwezi kumdai papa zaidi ya ninavyomdai mtume.

Njia mbili sambamba

Huu utawachukua muda mfupi. Mwanafalsafa wa Kiyahudi Franz Rosenzweig, aliyefariki mwaka 1929, alifikiri kwamba Mkristo humwendea Baba kupitia kwa Yesu, lakini Myahudi yuko kwa Baba tayari. Wapo Wakristo waliolipokea wazo hilo, hasa baada ya mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi, na sababu zao za moyoni zinaeleweka. Lakini hamtapata kanisa kubwa hapa Mwanza linalolifundisha, na Mitume waliohubiri Yerusalemu katika Matendo sura ya 2 hadi ya 4 walikuwa Wayahudi wakiwaambia Wayahudi kwamba hakuna jina jingine. Kwa kikundi cha Biblia haliwezi kuwa msimamo wa kuanzia. Linafaa kutajwa, kwa sababu ndilo ambalo Roma husingiziwa.

Israeli na Kanisa, mipango miwili

Hili ndilo fundisho linalobeba bendera za Furahisha. Mwalimu wake mkuu ni John Nelson Darby, aliyezaliwa mwaka 1800: Mungu ana mpango na Israeli duniani na mpango mwingine na Kanisa, Kanisa litanyakuliwa, kisha ahadi za Israeli zitatimizwa neno kwa neno. Biblia yenye maelezo ya Cyrus Scofield, iliyochapishwa mwaka 1909, ndiyo iliyolisambaza Marekani. Mwaka huohuo Africa Inland Mission walichukua kituo cha Nassa, kusini mashariki mwa ziwa, kutoka kwa wamisionari wa Kianglikana wa CMS, na kutokana na kazi yao likakua kanisa la AIC (Africa Inland Church) ambalo makao yake makuu yako hapa jijini. Sisemi AIC nzima inafuata Scofield. Ninachosema ni kwamba Ukristo wa kiinjili wa Marekani ulifika kwetu katika miaka hiyohiyo, na fundisho hilo halikubaki nyuma.

Nguvu yake ni kumchukulia Mungu kwa neno lake. Yeremia 31, mara tu baada ya kutangaza agano jipya, anasema uzao wa Israeli hautakoma kuwa taifa maadamu jua na mwezi vipo. Msomaji wa kawaida anaelewa hivyo, na kwa nini asielewe?

Na hapa pana jambo ambalo mlokole na Mkatoliki hawajaambiana: katika swali la kwanza wanakubaliana. Wote wawili husema Mungu hajaitupa Israeli. Katika la pili pia wanakubaliana kwamba Kristo ni mmoja kwa wote. Wanaachana kwenye swali la tatu, na kwenye unyakuo.

Kwenye la tatu ndipo msimamo huu unapochechemea. Mwanzo 12:3, "nitawabariki wakubarikio", imegeuzwa na baadhi ya wahubiri kuwa biashara: ombea Israeli upate kiwanja. Wakristo wa Kipalestina wa Bethlehemu, ambao ni Waorthodoksi, Wakatoliki na Walutheri, hawamo katika hesabu, kana kwamba hawajabatizwa. Na manabii wenyewe, Amosi kwa mfano, waliikemea Israeli vikali kwa sababu ilikuwa watu wa agano. Anayesema taifa lile halikosolewi kwa kuwa ni teule, nabii Amosi angemshangaa.

Waprotestanti wengine

Januari 1980, miezi kumi kabla ya hotuba ya Mainz, sinodi ya kanisa la kiinjili la Rhineland, Ujerumani, ilitangaza kwamba uteule wa Wayahudi unadumu na kwamba Kanisa limeingizwa katika agano hilo. Kwa hiyo anayeona huo ni uzushi wa Roma peke yake hajatazama vizuri. Upande wa pili, mwaka 1989 wanateolojia wa kiinjili walikutana Willowbank, Bermuda, wakatoa azimio: Wayahudi bado wana sehemu katika mpango wa Mungu, hakuna agano linalowaokoa pasipo Kristo, na kwa hiyo kuwahubiria ni wajibu wa Kanisa. Walutheri na Waanglikana wa kwetu hutofautiana kutoka mtu hadi mtu. Muulizeni mchungaji wenu mwenyewe, ila mpeni maswali yote matatu.

Mkiyaweka kando kwa kando:

| Msimamo | Agano lipo bado? | Laokoa bila Kristo? | Taifa la 1948 limo? |
|---|---|---|---|
| Kanisa ni Israeli mpya | Limekwisha kazi | Hapana | Hapana |
| Roma baada ya 1965 | Lipo | Hapana. Namna yake ni fumbo | Hapana, ni suala la sheria |
| Njia mbili | Lipo | Ndiyo | Wanatofautiana |
| Mipango miwili | Lipo, ahadi zinasubiri | Hapana | Ndiyo, kwa wengi wao |
| Azimio la Willowbank | Sehemu yao ipo | Hapana, wahubiriwe | Wanatofautiana |

Mchague vipi

Kikundi cha madhehebu mchanganyiko ningekishauri kianze na msimamo wa Roma wa mwaka 2015, hata kama Wakatoliki humo ni wachache. Sababu yangu ni kwamba ndio pekee unaowaruhusu mzisome Warumi 11:29 na Matendo 4:12 siku moja bila kuifumba mdomo hata moja. Walokole hawatapoteza kitu katika swali la kwanza, Wasabato hawatapoteza kitu katika la pili, na la tatu linawekwa kando ambako kila mtu anabaki na siasa yake.

Kama kikundi chenu ni cha uinjilisti, na neno fumbo litawafanya wanakikundi waone mnawazungusha, chukueni Willowbank. Mtakuwa mmesema jambo wazi, na bado mmeheshimu Warumi 11. Gharama yake ni kwamba lazima mzungumzie jinsi "kuwahubiria Wayahudi" kulivyosikika masikioni mwa Wayahudi waliobatizwa kwa nguvu Ulaya ya zamani.

Kikundi cha Wasabato watupu kitashika msimamo wake, na sioni sababu ya kukibughudhi, mradi kitoe kikao kizima kwa aya ya 28. "Mipango miwili" nisingeuchagua kuwa msimamo wa kikundi mchanganyiko kwa sababu unadai mkubaliane kwanza kuhusu unyakuo, na mkianza na unyakuo hamtafika kwa Paulo.

Kwa ndoa mseto mambo ni mepesi kuliko watu wanavyohofia. Mke wa AIC na mume Mkatoliki hawana la kuwagawa katika swali la kwanza wala la pili. Watoto wakiuliza kwa nini Baba anawaombea Wayahudi Ijumaa Kuu na Mama anawaombea kila ibada ya asubuhi, jibu ni lilelile.

Utaratibu wa kusoma: Mwanzo 12 na 17, Yeremia 31:31–37 bila kuikata katikati, Matendo 15, Wagalatia 3, Waebrania 8, kisha Warumi 9 hadi 11 kwa mfululizo. Msianze na Waebrania, maana anayeanza nayo hufika Warumi akiwa amekwisha kata shauri. Warumi 11:25–26 ipewe kikao chake peke yake, na anayeongoza siku hiyo awe mtu ambaye hana haraka. Na mwenye bendera aiache kwenye gari mpaka mfikie swali la tatu.